Macho ya Mwenyekiti Hayakupigiwa Kura

Katika ofisi ya baraza la mji kulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote: karatasi isiyokunjwa hairudi. Ukitaka Mwenyekiti asaini, kunja kwanza. Mkunjo mmoja mwembamba, wa kulala, chini kidogo ya mstari wa sahihi, uupitishie ukucha mpaka ukae. Karani wa masoko alikunja, karani wa maji alikunja, hata dereva akipeleka fomu ya kuomba tairi alikunja. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa Mzee ndivyo apendavyo, wakubwa nao wana vituko vyao. Waliojua sababu walikuwa wawili tu: Mwenyekiti mwenyewe, na Bi Taipu aliyeuanzisha mkunjo huo.

Jina hilo Bi Taipu alilipata enzi za mashine za kupigia chapa, ofisi ilipokuwa ikilia kakaka kutwa nzima kama mvua ya mawe juu ya bati. Mashine zikatupwa stoo, jina likabaki. Shule yake iliishia darasa la saba, lakini vidole vyake vilikuwa na shahada. Hakuna faili lililopotea mikononi mwake. Ukimwambia unataka barua ya mwaka wa mafuriko, anainuka, anafungua kabati la chuma lile linalogoma, analipiga teke mahali panapojulikana naye, na barua hii hapa.

Kompyuta zilipoingia, afisa utumishi aliandika orodha ya watu wa kupumzishwa, na jina la kwanza lilikuwa la Bi Taipu. Mwenyekiti ndiyo kwanza alikuwa amechaguliwa. Akalikata jina lile kwa kalamu, akasema huyu mama akienda nyumbani hakuna atakayejua kitu chochote kilipo, na yeye hakuomba kura ili aje kutafuta mafaili. Afisa utumishi akacheka kwa lazima. Bi Taipu akajifunza kompyuta kwa wiki sita, akiumwa shingo na kutukana kimoyomoyo, na wema ule hakuusahau hata siku moja.

Kabla ya siasa Mwenyekiti alikuwa mpima ardhi. Alikuwa mtu wa kusimama mwisho wa barabara akakwambia lile jiwe la mpaka kule limesogezwa shibiri mbili, na ukienda kupima unakuta kweli. Kisha presha ya macho ikamwingia. Ikaanza kumla pembeni, polepole, kama mchwa anavyokula mlango kutoka ndani: rangi yote ipo, mbao haipo. Alianza kuvaa miwani ya kiza. Akahesabu hatua za kutoka kwenye gari hadi ofisini, zikawa ishirini na tatu. Shingo akaikaza, kichwa akakiinua juu, maana akikigeuza huku na huku atajulikana kuwa anatafuta. Watu wakasema cheo kimempanda. Wakamwita Shingo.

Bi Taipu aligundua kwa chai. Mwenyekiti alijimiminia mwenyewe, na chai ikaenda mezani, pembeni ya kikombe, taratibu, kama mtu anayemwagilia ua. Bi Taipu akafuta. Kesho yake Mwenyekiti akasaini juu ya anwani. Siku ya tatu Bi Taipu akafunga mlango, akasimama mbele ya meza.

“Mzee, unaniona?”

Mwenyekiti aligeuza sikio kuelekea sauti.

“Nakusikia,” alisema.

Ndipo akamweleza. Kliniki alikuwa akienda mji mwingine, kwa jina la ukoo wa mama yake. Jicho moja lilikwisha, la pili lilikuwa limebaki na mwanga kama wa tundu la ufunguo. Nyumbani anajua mke wake tu. Akamwomba asiseme. Na Bi Taipu alipouliza, kwa adabu zote, kama watu hawana haki ya kujua, Mwenyekiti akainua kichwa kile kile cha kusingiziwa kiburi.

“Macho yangu ni yangu, Taipu. Watu walipiga kura wapate mwenyekiti. Macho yangu hayakupigiwa kura.”

Bi Taipu alilitafakari neno hilo jioni nzima akiosha vyombo, na akaona lina maana. Mwili wa mtu ni nyumba yake. Yupo diwani mwenye macho mawili mazima, na hulala nayo kikaoni. Yupo mwingine ana vidonda vya tumbo, nani alimwomba cheti? Kwani kazi ya mwenyekiti ni kutunga uzi kwenye sindano? Akili ya Mzee ilikuwa wembe. Akaapa kunyamaza, na Bi Taipu akiapa, ameapa.

Basi wakatengeneza utaratibu wao. Asubuhi, kabla wengine hawajafika, anamsomea karatasi moja moja. Mwenyekiti anauliza: nani ameomba, kiwanja kinapakana na nani, hiyo mita kumi na mbili imetoka wapi. Pakiwa na ujanja anaunusa kama paka anusavyo samaki. Pakiwa safi, Bi Taipu anapiga mkunjo. Baadaye mbele ya watu Mwenyekiti anapokea karatasi, kidole gumba kinashuka hadi kwenye mkunjo, kalamu inakaa juu yake, sahihi inakwenda sawa kama zamani. Mkunjo ulikuwa neno la Bi Taipu: nimesoma, saini. Na tuseme haki, kwa miaka mitano kazi ilikwenda. Barabara ya hospitali iliwekwa taa, soko likapata choo, na hakuna aliyeonewa kiwanja.

Kosa lilianzia mahali pa kuchekesha. Makarani waliona kwamba karatasi zenye mkunjo zinasainiwa upesi, zisizo nao zinalala. Wakaanza kukunja. Bi Taipu alipoona fomu ya kwanza imekunjwa na mkono usio wake alicheka mpaka akakaa. Ya pili hakucheka. Lakini angewakatazaje? Angewaambia acheni, wangeuliza kwa nini, na hapo angekuwa ameshafungua mdomo. Akajipa moyo kwamba madhali kila karatasi hupita mezani kwake kwanza, hakuna hatari. Aliifungua mikunjo yao, akasoma, akaikunja upya mahali pale pale. Siri ya mtungi aulizwe kata, na kata alikuwa yeye, na kila siku alikuwepo mezani.

Ila kata naye ana meno. Jino la nyuma la Bi Taipu, lililokuwa likimtisha tangu mwaka uliopita, likaamua siku ya Jumatatu. Shavu likavimba likawa kama anaficha embe. Alikwenda kwa Mwenyekiti na kitambaa mdomoni, akamwambia kwa maneno ya nusu nusu kwamba anakwenda kung’oa, atarudi Alhamisi, na asisaini kitu. Mwenyekiti akamwambia aende, apone.

Jumanne akaingia karani wa ardhi. Ofisini walimwita Mtanashati, kwa sababu ya viatu vyenye ncha na leso ya mfukoni iliyolingana na tai. Alileta karatasi kumi na moja, zote zimekunjwa vizuri, kuliko hata za Bi Taipu. Mwenyekiti angeweza kusema ziache hapo. Angeweza kusema namngoja Taipu. Lakini mwanamume mzima, mwenyekiti wa baraza, amwambie kijana mwenye viatu vya ncha kwamba anamngoja mama wa chapa? Aibu hiyo hakuiweza. Kidole gumba kikashuka, kikapata mkunjo, akasaini. Kumi na moja.

Alhamisi Bi Taipu alikuta nakala kwenye trei. Ya tisa ilikuwa amri ya kusogeza mpaka wa barabara ya hospitali na kuondoa vibanda vya mafundi, namba moja hadi namba tisa, kupisha kituo cha mafuta. Aliisoma mara mbili, mara ya pili kwa kidole. Namba nne kilikuwa cha mdogo wake.

Mdogo wake alikuwa fundi cherehani, amekaa pale miaka kumi na saba. Kibanda chenyewe upana wake ni mikono miwili ya mtu mrefu: cherehani dirishani, sare za shule zimetundikwa kama watoto waliopanga mstari, na benchi moja ya wateja. Kila jioni Bi Taipu alipitia hapo, akakaa kwenye benchi, akashona vifungo huku wakisengenya mji mzima. Mara nyingi mdogo wake alimuuliza, hivi dada, huyo Shingo wenu ana nini, nimempungia mkono amepita kama amepita mti. Na Bi Taipu, akikata uzi kwa meno, alimjibu ndivyo alivyo.

Aliingia kwa Mwenyekiti bila kubisha hodi, akamsomea ile amri kutoka juu hadi chini. Mwenyekiti akauliza tu kama ilikuwa na mkunjo. Bi Taipu akasema ilikuwa nao, lakini si wake. Mzee akavua miwani, akashika kichwa. Bi Taipu akamwambia aifute amri leo leo. Haiwezekani, alisema Mwenyekiti, imeshafika kwa wapimaji, na ili aifute lazima atoe sababu. Aseme nini, kwamba alisaini asichokisoma? Bi Taipu akamwambia ndiyo, aseme hivyo hivyo, watu watamwelewa, upofu si dhambi.

Mafundi hawakungoja. Walipoona alama za rangi nyekundu kwenye kuta zao walikwenda barazani tisa kwa tisa, na baraza, likiogopa kelele, likaunda kamati ya uchunguzi ya watu watatu chini ya hakimu mstaafu, mama mmoja mwembamba mwenye sauti ya mtu aliyezoea kunyamaziwa. Swali lilikuwa moja: amri hii ilipitaje? Ikionekana ilisainiwa sawasawa, vibanda vinavunjwa Jumatatu inayofuata. Ikionekana ina dosari, inafutwa.

Siku moja kabla ya kikao Mwenyekiti alimwita Bi Taipu, akamwambia afunge mlango.

“Nitasema mwenyewe,” alisema. “Kesho, mbele ya kamati. Usiniwahi, Taipu. Niachie hilo, nilitoe kwa mdomo wangu.”

“Utasema kweli, Mzee?”

“Nimewahi kukudanganya?”

Hakuwahi. Bi Taipu akaenda nyumbani mzigo umemtoka. Mdogo wake alipomuuliza kama anajua chochote, akamwambia avute subira, kesho kila kitu kitanyooka.

Kesho ikafika. Ukumbi wa baraza ulijaa: viti vya plastiki, feni inayozunguka kwa uvivu, mafundi na nguo zao za kazi, kwa sababu walitaka waonekane ni watu wa kazi. Mdogo wake alikaa safu ya tatu na futi ya kupimia shingoni. Bi Taipu aliwekwa mbele, pembeni, peke yake. Kiti cha pembeni hakipewi shahidi.

Wakaanza na Mtanashati. Kwa upole wa mtoto wa madhabahuni akaeleza kwamba yeye alipeleka karatasi kama kawaida. Alikunja, ndiyo, wote wanakunja, ni utaratibu wa Bi Taipu, hajui maana yake, yeye ni mtu wa kufuata utaratibu.

Kisha wakamgeukia Bi Taipu. Wiki iliyopita walikuwa wamemletea fomu ya kukubali kukaguliwa, akasaini bila wasiwasi, mtu asiye na kitu atafichaje kitu? Sasa akajua alichosaini. Kwanza walisoma kadi yake ya zahanati, ili kuthibitisha siku alizokosekana. Wangeishia kwenye jino. Hawakuishia. Karani wa kamati, kijana mwenye sauti kubwa na haraka ya kumaliza, alisoma ukurasa mzima, na kwenye ukurasa huo kulikuwa na mambo mengine ya mwili wa mwanamke wa umri wake, mambo ambayo Bi Taipu hakumwambia hata mdogo wake, yakasomwa mbele ya seremala na fundi baiskeli. Fundi baiskeli alikuwa muungwana, akaangalia viatu vyake. Wengine walikohoa.

Kisha wakasoma simu. Kati ya meseji zake zote walikuwa wamechagua moja, aliyomwandikia mdogo wake mwezi uliopita, siku alipolalamika mgongo: “Hicho kibanda kitakuua. Heri wakibomoe upumzike.” Jioni ile walikuwa wamecheka wote wawili. Ukumbini, kwa sauti ya yule kijana, haikuwa na kicheko hata punje. Hakimu aliuliza kama aliandika yeye. Akasema ndiyo, ulikuwa utani. Hakimu akaandika kitu. Bi Taipu akageuka kumtafuta mdogo wake, na mdogo wake alikuwa akimwangalia kama mtu anayesoma bei ya kitu alichodhani anacho bure.

Akajituliza. Mzee anakuja. Mzee atanyoosha.

Mwenyekiti aliingia na wakili wake ameshika kiwiko chake, kirafiki, kama watu wanaozungumza. Kabla hajakaa vizuri wakili akasimama. Akasema kwa heshima zote kwamba mteja wake yuko tayari kujibu kila swali la kazi, ila kamati ikumbuke kwamba mambo ya mwili na afya ya kiongozi ni faragha yake, yanalindwa na sheria, na hayataulizwa. Hakimu akasema ndivyo sheria ilivyo. Bi Taipu alimwangalia Mwenyekiti usoni. Mtu anayekuja kusema haji na mtu wa kumzibia.

Hata hivyo alingoja. Moyo ni mjinga, hungoja.

“Karatasi ikija na mkunjo wa huyu mama,” Mwenyekiti alisema, “mimi huichukulia imekaguliwa. Nilimwamini kama mwanangu. Kama safari hii alikuwa na jambo lake, mimi sikujua.”

Aliposema huyu mama alinyoosha mkono kuelekea kiti kitupu, nafasi mbili kutoka alipokaa Bi Taipu. Ukumbi uliona dharau. Bi Taipu peke yake ndiye aliyeona ni nini, na hapo hapo, pamoja na uchungu wote, mkono wake ulitaka kwenda kumwelekeza.

Hakimu alikuwa tayari anakusanya karatasi zake. Alieleza kwa ufupi kwamba sahihi ni ya Mwenyekiti na haipingwi, kwa hiyo amri inasimama. Lililobaki ni uzembe, au zaidi ya uzembe, wa mtumishi, na hilo litashughulikiwa pembeni. Amri inasimama. Neno hilo lilipita safu hadi safu, na fundi cherehani wa namba nne akashusha futi yake kutoka shingoni, akaanza kuikunja mviringo kwenye kiganja, kidogo kidogo, kama anafunga duka.

Bi Taipu akasimama. Hakupewa ruhusa.

“Mkunjo wa kwanza niliukunja mimi,” alisema. “Niliukunja kwa sababu Mwenyekiti haoni. Miaka mitano haoni. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea, na siku ile sikuwepo. Alisaini asichokijua.”

Wakili akainuka.

Hakimu alisema hilo ni suala la afya, lifutwe. Kalamu ya yule kijana ikasimama hewani, kisha ikapiga mstari.

“Kadi yangu imesomwa hapa, Mheshimiwa,” Bi Taipu akasema. “Ukurasa mzima. Yangu mbona haikufutwa?”

“Wewe ndiye unayechunguzwa.”

“Na amri ni ya nani?”

Aliyejibu, bila kuulizwa, alikuwa seremala wa namba saba, mzee wa maneno machache, aliyeinuka taratibu huku ameshika kiti cha mbele. Akasema yeye hana ugomvi na macho ya mtu, mjomba wake alikufa kipofu na alikuwa mtu bora kuliko wote waliomo humu. Lakini fundi wake akipoteza macho, yeye humwondolea msumeno. Hamtukani, hamtangazi sokoni. Humwondolea msumeno tu, kwa sababu kuna vidole vya watu wengine mezani. Kisha akakaa. Wakili alikuwa amesimama tayari, akitaka hilo nalo lifutwe, na likafutwa. Lakini watu mia moja walikuwa wamesikia, na masikio ya watu hayana mstari wa kupigwa.

Kikao kilipoahirishwa Bi Taipu alitokea mlango wa nyuma, ule wa korido ya masjala. Alimkuta Mwenyekiti amesimama peke yake, ameelekea ukutani. Wakili alikuwa amekwenda kuita gari. Mzee alizitambua ndala zake.

“Uliniahidi, Taipu.”

“Na wewe uliniahidi, Mzee.”

“Nilitaka kusema. Nilipoingia nikasikia watu wengi vile. Ukisema jambo kama hilo, hurudi tena kuwa mtu. Unakuwa kipofu basi, mpaka kaburini.”

Bi Taipu alijua ni kweli. Saa moja tu iliyopita alikuwa amevuliwa nguo mbele ya mji, na bado alikuwa anahisi upepo. Lakini yeye alivuliwa ili Mzee abaki amevaa, na Mzee alikaa pale akakubali. Alitaka kumwambia hivyo. Badala yake alimshika kiwiko, kwa mazoea ya mkono, akamgeuza kuelekea mlango, akamwambia kuna ngazi mbili. Akaenda zake.

Mambo yaliyofuata yalikwenda kwa barua, kama mambo ya ofisi yaendavyo. Barua ya kwanza, kutoka kwa baraza lililoogopa wale watu mia moja, ilifuta amri, kwa kasoro za kiutaratibu. Macho hayakutajwa. Barua ya pili ilimpa Mwenyekiti msaidizi wa nyaraka, mwenye digrii mbili, mpaka amalize muhula wake. Barua ya tatu ilimhamisha Mtanashati mji mwingine, kwenye cheo cha juu zaidi, na walisema alinunua viatu vipya. Ya nne ilikuwa ya Bi Taipu, aya mbili: ameachishwa kazi kwa kufichua taarifa binafsi za kiongozi. Alikuwa amebakiza miaka mitatu kustaafu. Ofisini, wale wale waliokuwa wakikunja, walisema asante ya punda ni mateke, mtu alimwokolea kazi yake na yeye akamwanika. Afisa utumishi alimsindikiza mpaka getini, akamwomba funguo za kabati, na akarudi ndani kulivuta bila kujua mahali pa kupiga teke.

Vibanda vilibaki. Alama nyekundu zilipakwa chokaa, zikawa za waridi.

Siku ya kumi Bi Taipu alikwenda namba nne. Hakuwa amekatazwa, hakuwa amekaribishwa. Mdogo wake alikuwa anashona pindo la sketi ya shule. Alisema karibu dada bila kuinua kichwa, na Bi Taipu akakaa kwenye benchi, akavuta kikapu cha vifungo. Walishona hivyo kwa muda, mashine ikilia na kunyamaza. Bi Taipu akasema meseji ile ilikuwa utani. Mdogo wake akasema anajua. Bi Taipu akasema na yale mambo ya kadi, angemwambia, alikuwa anangoja siku nzuri. Mdogo wake akasema angalau zahanati ilijua.

Kisha mashine ikasimama kabisa.

“Miaka mitano,” mdogo wake alisema. “Mimi nampungia mkono, na wewe umekaa hapo hapo, kwenye benchi hiyo, unaniambia ndivyo alivyo.”

“Haikuwa siri yangu.”

“Kibanda kilikuwa changu.”

Bi Taipu alisema tu kwamba mwishowe alisema, mbele ya watu wote, na amefukuzwa kazi kwa ajili hiyo. Hakukusudia kulisema kama mtu anayedai, lakini lilitoka hivyo.

Mdogo wake akamgeukia, mara ya kwanza tangu aingie. Hakuwa na hasira usoni. Ingekuwa afadhali.

“Dada, nikuulize, usiniridhishe. Kama namba nne isingekuwemo. Kama wangebomoa moja mpaka tatu, na tano mpaka tisa, mimi wakaniacha. Ungesema?”

Barabarani mtu alipita akisukuma baiskeli yenye mnyororo unaolia. Bi Taipu alimfikiria seremala wa namba saba, na fundi baiskeli aliyeangalia viatu vyake. Alimfikiria Mzee na kidole gumba chake. Angeweza kusema ndiyo. Ni neno dogo, na hakuna kamati ambayo ingeweza kulipima.

“Nisingesema,” alisema.

Mdogo wake akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepata kipimo alichokuwa anakihitaji. Akashusha mguu wa mashine juu ya kitambaa, akaendelea na pindo. Baadaye kidogo akaja mteja na suruali ya kupunguza, mwanamume mnene anayehema, na mahali pa kukaa palikuwa kwenye benchi ile moja tu. Bi Taipu aliinuka akampisha.